Vumbi Chini ya Roshani

Jumanne asubuhi, siku nne kabla ya sherehe ya mabingwa, mtunza ukumbi alikuta vumbi mahali alipokuwa amefagia jana yake jioni. Halikuwa vumbi la viatu. Lilikuwa jeupe, laini kama unga, limejipanga mstari mmoja mnyoofu chini ya roshani, utadhani mtu amepita pale na chekecheke. Akalifagia. Alipomaliza kukung'uta ufagio na kugeuka, punje nyingine mbili tatu zilikuwa zimeshadondoka palepale. Ndipo alipoinua macho.

Ukumbi ule aliujua kama kiganja chake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiufungua na kuufunga, akiipiga deki sakafu yake ya mbao, na alijua mlango upi hukwama mvua ikinyesha na taa ipi huchelewa kuwaka. Roshani ya watazamaji ilining'inia upande mmoja: safu tisa za viti, zimebebwa na boriti sita za chuma zilizochomekwa ukutani. Boriti ya tatu, pale inapoingia ukutani, ilikuwa imeachana kidogo na saruji. Alileta ngazi, akapanda, akachomeka kitambulisho chake cha kazi kwenye mwanya. Kikaingia chote.

Alishuka, akaiegemeza ngazi ukutani.

Na ukifikiri, haikuwa ajabu. Msimu mzima roshani ile haikupumzika. Timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, ambayo miaka nenda miaka rudi ilitazamwa na wazazi wachache na paka wa stoo, ilishinda mchezo wa kwanza, ikashinda wa pili, ikaendelea kushinda mpaka watu wakaanza kuwahi viti saa mbili kabla ya mchezo. Watu wa roshani wakazua mtindo wao: mguu wa kulia, wa kulia tena, halafu yote miwili kwa pamoja. Du, du, DUM! Wapinzani walikuwa wakikosa mitupo ya adhabu kwa kishindo kile tu. Michezo ishirini na miwili, wakapoteza mmoja. Fainali waliicheza ugenini wakashinda kwa pointi moja, na kombe likaingia chuoni kwa mara ya kwanza tangu chuo kijengwe. Watu walisema roshani ndiye mchezaji wa sita. Hakuna aliyeuliza kama mchezaji huyo anaumwa mahali.

Mtunza ukumbi alimfuata msimamizi wa majengo ofisini kwake. Msimamizi alikuwa mtu mcheshi, mwenye haraka, na wiki ile meza yake ilikuwa imefunikwa na orodha za wageni. Alikuja hata hivyo. Akasimama chini ya boriti, mikono mfukoni, akatazama juu kama mtu anayetafuta mwezi.

"Mama, majengo yote hupumua," alisema. "Joto likija yanatanuka, baridi ikija yananywea."

"Bosi, hili halipumui. Hili linahema."

Msimamizi akacheka sana. "Haya, nitamtuma fundi. Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta? Basi tutaziba ufa, ukuta tusiujenge."

Fundi alikuja mchana na ndoo ndogo ya saruji, akaziba mwanya, akalainisha kwa mwiko, akaondoka. Kwa macho ya mtu mwingine, kazi ilikuwa imekwisha. Jumatano saruji ile ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Alhamisi unywele umekuwa uzi. Naye mtunza ukumbi kila alipoinama kufagia alihisi kitu kizito kimemkalia kisogoni, mpaka akawa anafagia sehemu ile kwa kukimbia, kama mtoto anayepita karibu na mbwa aliyefungwa.

Lakini hakujiamini, na hapo palikuwa na sababu yake. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, mchana mmoja wa mvua kubwa, alipiga kelele kwamba dari linaanguka. Baba yao akawatoa watu wote nje, hata bibi aliyekuwa mgonjwa akatolewa na godoro lake, wakanyeshewa hadi jioni. Dari halikuanguka. Lipo mpaka leo. Tangu siku hiyo ukoo mzima ulimwita Dari, na kila ilipofanyika shughuli yoyote lazima atokee mtu wa kusema, "Mwangalieni Dari asije akatutoa nje."

Dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa bingwa wa kulitumia jina hilo. Na dada huyo ndiye mama mzazi wa nahodha wa timu, msichana mfupi mwembamba ambaye wenzake walimwita Sindano, kwa sababu hakukuwa na tundu asilopita. Alhamisi jioni dada akapiga simu.

"Dari! Nimealika mtaa mzima. Tunakuja watu ishirini na sita. Unipe safu ya mbele kule juu, katikati kabisa, nimwone mwanangu akiitwa jina."

Katikati kabisa, safu ya mbele, palikuwa juu ya boriti ya tatu.

"Dada, kaeni chini safari hii. Nitawapangia viti vizuri karibu na meza ya kombe."

"Chini nitazibwa na vichwa vya watu. Kuna nini?"

Akamweleza. Upande wa pili kikaja kicheko, kirefu, cha mtu anayefuta machozi. "Wewe bwana! Utazeeka na woga wako. Safu ya mbele, unasikia?"

Ijumaa, baada ya mazoezi ya mwisho ya kuingia kwa maandamano, alimshika Sindano mkono kabla hajaenda kubadili nguo. Alimpandisha ngazi akamwonyesha. Saruji ya fundi ilikuwa imepasuka vipande viwili. Msichana akaingiza kidole, akakitoa cheupe, akakitazama.

"Mama mdogo," alisema taratibu, "hii imekuwa hivi tangu lini?"

"Jumanne iliingia kadi. Leo kinaingia kidole."

Sindano hakucheka. Alimwita kocha, kocha naye akatazama, uso ukambadilika, akampigia msimamizi simu palepale. Mtunza ukumbi alisikia upande mmoja tu wa maneno: "Ndiyo... hapana, nimeona mwenyewe... Kwa hiyo mia mbili tu, si zaidi? Na walinzi kila mlango? Sawa." Kocha akakata simu. Alisema kesho roshani itawekwa watu mia mbili basi, wakae safu za nyuma, na Jumatatu mhandisi ataletwa. Lilikuwa jambo la afadhali. Mtunza ukumbi akajaribu kuamini afadhali ile, akashindwa.

Jumamosi ilipofika, walinzi walioahidiwa walipelekwa langoni kupokea magari ya wageni. Yeye, kuona hivyo, akazifunga kwa funguo zake milango yote miwili ya ngazi za roshani. Haikupita nusu saa msimamizi akaja mbio, tai imempinda, nyuma yake mlolongo wa watu wakipiga kelele.

"Mama, unataka waniue? Lete funguo."

"Bosi, tulisema mia mbili."

"Nitawahesabu mwenyewe. Lete!"

Akatoa. Anayekula mshahara wa mtu hana ubishi wa pili. Msimamizi alihesabu mpaka sitini hivi, kisha akaitwa kumpokea mkuu wa chuo, na watu wakapanda kama maji. Walikuwa mia nne au zaidi. Dada yake alikuwa safu ya mbele, katikati kabisa, na nguo yake mpya iliyochongoka mabegani, akimpungia mkono.

Mtunza ukumbi alisimama chini ya boriti ya tatu. Alijiambia kwamba mtu mwenye akili angesimama kwingine, lakini miguu ilikuwa imekataa kuondoka. Alihisi kama akiacha kuitazama ndipo itakapoachia. Hotuba zikaanza. Mkuu wa chuo akasema yake, mwakilishi wa chama cha mpira akasema yake. Kisha mwendesha shughuli akaanza kuwaita wasichana mmoja mmoja, na kila mmoja alipokimbia kuingia uwanjani, roshani ikajibu kama ilivyozoea.

Du, du, DUM!

Kitu kikamwangukia begani. Vumbi. Akatazama juu. Kwa kila DUM boriti ilishuka kiasi cha ukucha, ikarudi. Msichana wa nne. Ikashuka, ikarudi. Msichana wa saba. Ikashuka, na safari hii haikurudi yote.

Neno lilikuwa limemfika kooni, "Tokeni!", na akalimeza, kwa sababu alizijua ngazi zile mbili. Zilikuwa nyembamba, watu wawili wakipishana lazima mmoja ajipinde. Watu mia nne wakizikimbilia kwa pamoja, hata boriti isipoanguka, watakaokanyagwa watakuwa wengi. Na kukimbia kwenyewe ndiko kungeishusha. Aliona yote hayo kwa mara moja, kama mtu anayetazama shimo, na mkojo ukamponyoka kidogo, jambo ambalo baadaye alimwambia mtu mmoja tu.

Akaanza kutembea. Alipita katikati ya uwanja na koti lake la kazi, mbele ya mkuu wa chuo na kamera zote, wasichana wakiwa wamejipanga na kombe limo mikononi mwa nahodha. Wengine walidhani ni sehemu ya sherehe, wakampigia makofi. Alimfikia Sindano, akamnong'oneza:

"Imeshuka hairudi. Usiwaambie. Watoe safu ya mbele kwanza, taratibu, wasipige miguu."

Sindano alitazama juu mara moja tu. Akamkabidhi kocha kombe, akamnong'oneza, akamsogelea mwendesha shughuli na kuchukua kipaza sauti kama mtu anayepora mpira.

"Jamani!" sauti ilitoka nyembamba. Akakohoa. "Jamani, mabingwa wa juu!"

Roshani ikapiga kelele. Miguu ikaanza kuinuka.

"Hapana, hapana! Leo miguu ni marufuku. Leo ni makofi tu. Anayepiga mguu tunampa adhabu, mitupo miwili!"

Watu wakacheka. Miguu ikashuka.

"Msimu mzima nyinyi mmekuwa juu na sisi chini. Timu ina ombi. Kombe hili hatulinyanyui peke yetu. Tunataka kila aliyekaa roshani ashuke, aliguse kwa mkono wake. Lakini sisi hatuchezi ovyo, tunacheza kwa mpango. Safu ya mbele inashuka kwanza. Wengine mmekaa, mmetulia. Atakayesimama kabla ya kuitwa, haligusi!"

Hapo ndipo mtunza ukumbi alipowaona wasichana wale wanacheza mchezo wao mkubwa kuliko fainali. Kocha aliwapitia akiwaambia neno moja moja sikioni, na macho yao yakawa makubwa, lakini hakuna aliyepiga kelele. Wawili walikwenda kwenye ngazi ya kulia na wawili ya kushoto. Waliobaki wakajipanga chini ya roshani, mikono imenyooka kama wanaokaba wapinzani, wakawa wanawaelekeza watu upande wa pili wa uwanja, kwenye goli la mbali, wakitabasamu meno matupu. Msimamizi wa majengo alikuwa amesimama karibu na mlango. Aliona vumbi jeupe kwenye koti la mtunza ukumbi, akaliona pia sakafuni, na damu ikamwondoka usoni. Bila kuambiwa na mtu alikwenda akasimama kwenye ngazi, akawa anasema, "Mmoja mmoja, mama. Taratibu, baba. Mmoja mmoja."

Safu ya mbele ikashuka. Ya pili ikashuka. Na pale mbele, katikati kabisa, amebaki mtu mmoja.

Dada yake hakusogea. Alikuwa ameweka mkoba kiti cha kulia na kitambaa kiti cha kushoto, analinda nafasi. "Mimi nimemzaa mwenye kombe," alisikika akiwaambia waliompita, "niguse kombe la nini? Nikishuka mtanichukulia kiti!"

"Mama, shuka," Sindano alisema kwenye kipaza sauti. Safari hii sauti ilimpasuka. Watu kadhaa wakageuka kumtazama.

Mtunza ukumbi akajua hakuna mwingine. Alipanda ngazi akipishana na wanaoshuka, akijibana ukutani, mkono wake ukihisi ukuta wenyewe unatetemeka. Alipokanyaga mbao za roshani akahisi zinaelekea mbele, kama meza yenye mguu mfupi. Kila hatua aliiweka kama anakanyaga yai. Safu nane, saba, sita. Watu waliobaki wamekaa walimtazama kwa furaha, wakisubiri zamu yao. Alitaka kulia. Safu tatu, mbili.

"Dada."

"Kumbe umekuja kunifukuza! Wewe Dari, hata leo..."

Kisha dada akaugeuza uso na kumtazama vizuri. Wamelala kitanda kimoja miaka kumi na miwili wale wawili. Chochote alichokiona kwenye uso wa mdogo wake, hakikuhitaji maneno. Alifunga mdomo. Akaacha mkoba, akaacha kitambaa, akasimama polepole na kumshika mkono kwa nguvu kiasi kwamba pete ilimkata.

"Tutembee vipi?" alinong'ona.

"Kama kanisani, kama msikitini. Usitazame chini."

Wakatembea. Nyuma yao Sindano aliendelea kuita: safu ya tano, safu ya sita, hongereni, taratibu. Walipofika mlangoni dada akasimama kutaka kupumua, naye akamsukuma mgongoni bila heshima, mpaka wakafika chini, mpaka wakavuka uwanja mzima.

Safu ya tisa ilipokuwa inaingia kwenye ngazi, mpiga picha mmoja aliyekuwa miongoni mwao aliona roshani tupu na ng'ambo ya uwanja umati mzuri umelizunguka kombe. Akateremka mbio kwenye safu ya mbele kupata picha. "Wewe, rudi!" msimamizi alipiga kelele. Mpiga picha aliinua kidole kimoja, maana yake sekunde moja tu.

Sauti haikuwa kubwa kama mtu angetarajia. Ilikuwa kama mlio wa msumari unaong'olewa kwenye ubao mkavu, ila mrefu, ukaendelea na kuendelea. Boriti ya tatu ilichomoka, ya pili na ya nne zikaifuata, na sehemu ya katikati ya roshani ikainama kama mtu anayemwaga beseni. Viti vikateremka vyote. Vumbi likapanda hadi kwenye taa. Kwa muda, katika ukumbi ule wenye watu karibu elfu, hakukusikika hata kikohozi.

Kisha mpiga picha akaanza kulia kwa maumivu, na wakajua yu hai.

Alivunjika mguu na mbavu tatu. Wasichana wa timu ndio waliomtoa kwenye mbao, wakambeba juu ya bango la ubingwa, kwa kuwa ndicho kitambaa kilichokuwa karibu. Wengine wote walitolewa nje kwenye majani, jua likiwaka, watu wakihesabu watoto wao. Mkuu wa chuo alitaka kuahirisha shughuli. Kocha alikataa. Alisimama juu ya benchi na, bila kipaza sauti, akawaita wasichana waliosalia, wa nane hadi wa kumi na mbili, kwa kuwa majina yao yalikuwa hayajaitwa. Kila mmoja alisogea mbele. Watu walipiga makofi kwa unyonge, wengine wakilia. Hakuna aliyepiga mguu chini.

Mtunza ukumbi hakuyaona hayo. Alikuwa nyuma ya stoo, ameinama, anatapika. Meno yalimgongana katika joto lile la mchana kama ameingia kwenye barafu. Dada yake alimtafuta mpaka akampata, akamshika paji la uso kama alivyokuwa akimshika utotoni alipougua. Alichosema ni hiki:

"Mkoba wangu ulikuwa na funguo za nyumba."

Wakatazamana, wakaanza kucheka, kicheko kibaya, kisicho na furaha, ambacho hakikutaka kukoma.

Wiki iliyofuata palikuwa na kamati. Msimamizi alisema kweli: aliambiwa. Akaongeza kwamba hakuambiwa kwa maandishi, na hilo nalo lilikuwa kweli. Alisimamishwa kazi, na wafanyakazi wote wakapewa barua ya kuwataka waripoti kwa maandishi. Mtunza ukumbi alipewa cheti. Alikiweka kabatini, chini ya mashuka. Watu walipomwita shujaa hakujua aangalie wapi, kwa kuwa alichokumbuka ni kwamba alizitoa zile funguo. Alimwambia Sindano hivyo, na ndiye mtu pekee aliyemwambia pia habari ya mkojo.

"Mimi nilipochukua kipaza sauti nilikuwa sioni kitu," Sindano alijibu. "Nilikuwa natazama weusi tu. Niliongea nikiwa sioni."

Woga haukumwondoka mtunza ukumbi. Aliingia dukani akatazama dari. Alikwenda hospitali kumwona mpiga picha, akasimama kwanza nje kuhesabu nguzo. Ukumbi ulifungwa, na timu ikaazimwa uwanja wa ndani wa shule ya jirani. Msimu mpya ulipokaribia Sindano akamfuata nyumbani: wasichana wamekataa kuanza mazoezi bila yeye.

"Kuna roshani?" aliuliza.

"Hakuna. Kuna benchi tu, chini."

Alikwenda siku ya tatu. Siku mbili za kwanza alifika getini akarudi. Siku hiyo aliingia, akauzunguka ukumbi wote akipapasa ukuta kwa mkono, polepole, huku wasichana wakijifanya hawamwoni, wakipasha misuli. Kisha akachukua kiti, akakiweka karibu na mlango uliokuwa wazi, akakaa nusu ndani nusu nje. Mpira wa kwanza ulipodunda sakafuni alishtuka hadi akasimama. Wa pili akashtuka bila kusimama. Alikaa pale mpaka mazoezi yakaisha, mikono ameibana katikati ya magoti.